Usiku wa Kuamkia Zamu: Barua ya Wazi kwa Wakala wa Usalama wa Anga wa Umoja wa Ulaya

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji, Köln.

Mimi ni Mswahili niliyehamia Ulaya, abiria miongoni mwa abiria, wala sina elimu ya urubani. Lakini madhali roho zetu huwekwa amana kwa watu wawili waliojifungia nyuma ya mlango uliokomewa, sidhani kuwa ni utovu wa adabu kuuliza jambo ambalo kanuni zenu, pamoja na wingi wa hesabu zake, zimelipitia kwa haraka: rubani alilala wapi usiku wa kuamkia zamu yake?

Walio karibu na kazi hii wajua kwamba marubani wengi hawakai katika nchi wanamoanzia safari. Mtu ana mke na watoto Hispania, na kituo chake ki Ujerumani. Mwingine kwake ni Poland, na zamu zake Ayalandi. Si kwa kupenda kutangatanga: kampuni hufunga kituo hapa ikafungua kingine kule, ilhali mke ana kazi yake, watoto wana shule yao, na kodi ya nyumba Dublin si ya mchezo. Niliwahi kuketi ubavuni mwa mmoja wao katika ndege ya mwisho ya usiku, koti la kiraia juu ya shati jeupe, tai ameikunja mfukoni. Akanieleza kuwa alfajiri atarusha ndege, na kwamba akifika atalala katika chumba alichokodi kwa ubia na wenzake karibu na kiwanja, ambamo mmoja akiingia kulala mwingine huwa anaamka kunyoa ndevu. Aliyasema bila kulalamika, kisha akasinzia kabla hatujapewa maji.

Kanuni nambari 83/2014, iliyoanza kutumika Februari 2016, yasemaje juu ya mtu huyu? Akilazwa ugenini kwa safari ya kampuni, mapumziko yake huweza kushuka hadi saa 10, lakini sharti apate humo nafasi ya kulala saa 8, na malazi yanayofaa ni dhima ya kampuni. Akiondokea kituo chake, hupewa saa 12 au zaidi. Ila hapo, kwa tafsiri ya kanuni hiyo hiyo, kampuni kwa kawaida haina dhima ya malazi, na mwendo wa kutoka kwake mpaka kituoni, hata uvuke bahari, hauhesabiwi kuwa kazi. Hivyo rubani aliyepelekwa Athens na kampuni ana hoteli, na aliyejileta Dublin kutoka Malaga, ambaye pengine ndiye aliyechoka zaidi, hana haki hata ya mto.

Najua mwongozo wenu wamnasihi rubani ambaye aghalabu husafiri zaidi ya dakika 90 kufika kituoni afikirie kupata malazi ya muda karibu zaidi. Ni nasaha njema, lakini ameachiwa yeye peke yake pamoja na gharama zake.

Wamarekani walilipa ghali kabla ya kuliangalia jambo hili. Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari nambari 3407, ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kupitia Memphis hadi Newark, na nahodha wake kwao ni Florida. Insafu yataka niseme kwamba wachunguzi waliona chanzo katika makosa ya nahodha, na kuhusu uchovu wakasema yaelekea uliwadhoofisha wote wawili, kiasi chake kisipimike.

Siombi marufuku ya kukaa mbali na kituo. Marufuku ingewafunza marubani kuficha anwani zao, na hapo hata swali langu lisingepata jibu. Naomba kampuni inayompangia mtu kituo katika nchi ambayo si makazi yake, au inayomhamishia huko, ichukue dhima ya kitanda cha usiku wa kuamkia zamu ya kwanza, kama ichukuavyo ugenini. Na zamu hiyo ya kwanza isianze kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, saa ambazo kanuni yenu yenyewe imekiri kuwa ni za unyonge wa mwili.

Wako mtiifu,
Abiria