Aliyegusa Aseme

Kuna jambo linalotusumbua katika chumba chetu cha kompyuta. Muhula huu kompyuta moja iligoma. Kila ilipowashwa, kioo kiligeuka buluu, ikazima, ikaanza upya. Fundi aliyeitwa kutoka mjini Arusha aliifuta diski yote na kuweka Windows upya. Kompyuta ikapona, lakini kazi za wanafunzi wa Kidato cha Nne zikapotea zote.

Kwa maoni yangu, hapakuwa na haja ya kufuta kitu. Baadaye ilijulikana ya kuwa mwanafunzi mmoja aliingia katika mipangilio ya kuwashia mashine, iitwayo bayosi, akabadili njia ya diski kutoka IDE kuwa AHCI, kwani alisikia kuwa AHCI huenda mbio zaidi. Alichosikia si uongo. Lakini Windows iliyowekwa kwa njia moja hujitayarisha kuamka kwa njia hiyo tu. Ni kama daladala ya Ngaramtoni kuhamishiwa kituo kingine usiku bila abiria kuambiwa: gari ni zima, abiria ni wazima, ila hawaonani. Diski yenyewe haikuwa na ubovu wowote.

Dawa yake ni nyepesi. Rudisha IDE, hifadhi, washa tena. Anayetaka AHCI katika Windows 10 aiagize kwanza kompyuta iwake katika hali ya usalama, ndipo abadili bayosi. Ikishawaka hivyo mara moja, airudishe katika hali ya kawaida.

Tena si kila mara mtu ndiye mkosaji. Ndani ya kompyuta kuukuu mna betri ndogo ya duara kama sarafu. Ikiisha nguvu, umeme ukikatika mipangilio hurudia ile ya kiwandani. Ukiona na saa imerudi nyuma miaka mingi, badili betri, kisha weka njia ya diski kama ilivyokuwa.

Basi mbona fundi hakuambiwa? Kwa sababu aliyegusa aliogopa fimbo. Wako wasemao kwamba wanafunzi tukatazwe kabisa kugusa mipangilio. Mimi sikubaliani nao, maana fundi wa kesho hujifunza kwa kugusa leo. Naona yafaa liwekwe daftari mlangoni: tarehe, namba ya kompyuta, kilichobadilishwa, na jina. Anayeandika asiadhibiwe. Na diski yoyote isifutwe kabla kazi zetu hazijanakiliwa, kwani hata kompyuta isipowaka, diski huweza kufunguliwa na kusomwa katika kompyuta nyingine. Wazazi wanaochangia gharama za fundi nao wana haki ya kuuliza kama hilo limefanyika.

Walimu wetu, tupeni daftari hilo, nasi tutaandika kweli. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.