Mgombea yumo simuni, wazee tuko wapi?

Mtoto wa dada yangu anasoma Birmingham, ana miaka 19. Mwaka 2024, wakati wa kampeni za umeya wa West Midlands, alikuwa hana habari nyingine. Tukimpigia simu ya video kumuuliza masomo, yeye anatueleza mgombea gani kasema nini TikTok jana usiku. Maneno ameyahifadhi mpaka vituo vyake. Ikafika siku ya kura, tarehe 2 Mei. Jioni nikamuuliza, "Umeshapiga?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Khalati, jina langu halimo kwenye daftari. Sikujiandikisha."

Nilicheka, halafu nikaona si jambo la kucheka. Simu ilimwambia kila kitu isipokuwa hicho kimoja. Na sisi wazee pia hatukumwambia.

Katika uchaguzi ule alikuwapo mwanasheria wa Birmingham, Akhmed Yakoob, mgombea binafsi asiye na chama kikubwa nyuma yake. Alichokuwa nacho ni wafuasi wengi TikTok, na suala la Gaza ambalo vijana wengi wa jiji lile walikuwa wamelibeba moyoni. Alipata kura 69,621 na kushika nafasi ya tatu. Mshindi, Richard Parker wa Labour, alimpita Andy Street wa Conservative kwa kura 1,508 tu. Eneo lenye mamilioni ya watu limepata meya kwa tofauti ya kura zinazoweza kukaa katika kumbi mbili tatu za harusi! Na waliojitokeza kupiga kura hawakufika hata theluthi moja ya waliojiandikisha.

Julai mwaka huohuo, kwenye uchaguzi mkuu, Yakoob aligombea ubunge wa Birmingham Ladywood dhidi ya Shabana Mahmood wa Labour. Bi Shabana alishinda, lakini kwa kura 3,421, wakati mwaka 2019 alishinda kwa zaidi ya kura elfu 28. Jirani yake, Perry Barr, mgombea binafsi Ayoub Khan alimng'oa mbunge mkongwe wa Labour kwa kura 507. Kwa hiyo anayesema mambo ya TikTok ni mchezo wa watoto, hebu azisome hesabu hizo tena.

Vyama vikubwa navyo vimeshaelewa. Labour waliingia TikTok mara tu uchaguzi ulipotangazwa Mei 2024, wakaanza kumfanyia mzaha Rishi Sunak kwa video fupi fupi. Nigel Farage naye hukohuko. Sababu yake iko wazi. Uingereza sheria inakataza matangazo ya siasa ya kulipia kwenye televisheni na redio, na vijana hata hiyo televisheni hawaitazami. TikTok nayo haipokei tangazo la siasa la kulipia. Basi mgombea inambidi yeye mwenyewe awe kichekesho, au kisa, au hasira, ili video yake isambazwe bure na watoto wetu.

Mimi simlaumu mgombea kwa hilo. Mtu akitaka kura yako lazima akufuate ulipo. Babu zetu walifuatwa barazani na sokoni, na wajukuu wanafuatwa simuni. Wazee wengi wanasema, "Mnyang'anye simu." Mimi naona hilo ni kosa. Ukimnyang'anya simu umemnyima siasa yote, kwa sababu nyumbani sisi hatumpi nyingine. Tunazungumza harusi, viza na bei ya tiketi ya Muscat, lakini kura hatuigusi kabisa.

Lakini kuna mambo mawili yananitia khofu.

La kwanza ni uwongo, na hapa nakiri kosa langu. Wakati wa kampeni hizo ilisambaa video kutoka Dudley, karibu na Birmingham, ikidai kwamba mwalimu mmoja aliyekuwa akipigia kampeni Labour mlango kwa mlango ametamka neno la ubaguzi. Yakoob alikuwa miongoni mwa walioisambaza. Ilipofika kwenye WhatsApp ya ukoo wetu, mimi nikaipeleka mbele bila hata kuisikiliza vizuri. Baadaye polisi wakasema hakuna ushahidi kwamba neno lile lilitamkwa. Mama wa watu alishapata vitisho. Kidole changu kilikuwemo katika dhulma ile, na kufuta ujumbe hakukuirudisha.

La pili, video ya nusu dakika haikwambii cheo chenyewe kina kazi gani. Meya wa West Midlands anashughulikia usafiri, nyumba na mafunzo ya kazi. Siasa ya nje haimo mkononi mwake. Kijana ana haki ya kupiga kura kwa uchungu wa Gaza, wala sitamzuia. Lakini amuulize mgombea pia: basi la kwenda chuoni je? Kodi ya chumba je? Baraza la jiji la Birmingham lilikiri Septemba 2023 kwamba limeishiwa fedha, likapunguza huduma na kupandisha kodi ya nyumba. Taka zikarundikana mitaani mwaka 2025 kwa mgomo wa wazoaji. Hayo ndiyo yanayomgusa mwanao kila akifungua mlango.

Sasa tuje kwenye pasipoti, maana familia zetu zimechanganyika. Mwenye uraia wa Oman anayesoma Uingereza hana kura kule. Lakini binamu yake mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, akiwa anaishi Uingereza kihalali na umri umetimia, anaweza kujiandikisha na kupiga kura, hata ya ubunge, kwa kuwa nchi hizo zimo katika Jumuiya ya Madola. Wangapi tunalijua hili? Kujiandikisha ni bure, kwa intaneti, na mlango unafungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Kituoni anatakiwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti yake inatosha. Tena Julai 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kushusha umri wa kura hadi miaka 16 kwa uchaguzi mkuu ujao. Watoto walioko skuli leo ndio wanaotafutwa kesho.

Kwa hiyo ukimpigia mwanao aliye Birmingham, mwambie akuonyeshe hiyo video ya mgombea, muitazame pamoja. Muulize: huyu anagombea cheo gani, na hili analoahidi limo mkononi mwake? Nani mwingine amelithibitisha? Halafu muulize lile nililosahau mimi: jina lako limo?

Mpwa wangu sasa limo. Juzi kanitumia video ya mgombea mwingine, chini yake kaandika: "Khalati, usiipeleke mbele kwanza, naangalia kama ni kweli."