Mafunzo Yasifungiwe Kabatini

Mwezi Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza kuthibitishwa kwa wagonjwa wawili wa mpox hapa nchini, na katika maelezo yake ikamtaja dereva wa gari la mizigo aliyekuwa akisafiri kutoka nchi jirani kuelekea Dar es Salaam. Wananchi wa mikoa mingine waliweza kuipokea habari hiyo kama habari ya mbali. Mkazi wa Tunduma hakuweza. Foleni ya malori ndiyo sura ya mji wake, na kinachosafiri kwa barabara kuu kati ya Dar es Salaam na Zambia, kiwe shehena au kiwe ugonjwa, hupita mbele ya mlango wake.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mei 2020 Serikali ya Zambia iliufunga kwa muda mpaka wa Nakonde baada ya wagonjwa wengi wa korona kugunduliwa katika mji huo, ulio pua na mdomo na Tunduma. Oktoba 2023 kipindupindu kililipuka nchini Zambia, kikaua mamia ya watu kabla ya kudhibitiwa mwaka uliofuata. Oktoba 2024 nchi hiyo ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa Oktoba 2019, taratibu za kuvuka zimefupishwa, na hilo ni jema kwa biashara. Lakini mpaka unaopitika upesi unamhitaji pia tabibu, muuguzi na ofisa wa afya anayetambua upesi kile anachokitazama.

Kila ugonjwa mpya unapobisha hodi, jibu letu la kawaida ni semina. Wataalamu huja, watumishi wachache huitwa Vwawa au Mbeya kwa siku mbili au tatu, vitini hugawiwa, mabango kitita hufunguliwa, posho hulipwa, na kila mmoja hurudi kituoni kwake. Hatuzibezi semina; zimewafundisha wengi. Swali letu linahusu siku inayofuata baada ya semina kufungwa. Vifaa vile viko wapi? Anayezifahamu ofisi zetu analijua jibu. Kitini kimo katika mkoba wa mtu mmoja, na siku atakapohamishwa kitaondoka naye. Mabango kitita yamo kabatini pamoja na wanasesere wa kujifunzia uzazi. Kabati limefungwa, na mwenye ufunguo yuko safarini.

Maoni yetu ni kwamba Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, unastahili kuwa na maktaba ya kuazimisha vifaa vya mafunzo ya afya, itakayowahudumia watumishi wote kuanzia hospitali hadi zahanati ya mwisho kijijini. Tunasema zaidi kwamba inaweza kuanzishwa bila kungoja jengo jipya.

Tusije tukadhaniwa kwamba tunapigania makaratasi, hebu tutazame yaliyotokea Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 wakunga wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga anayeshindwa kupumua, wakitumia mwanasesere aliyetengenezwa kwa kazi hiyo. Watafiti waliporudi kuwapima miezi kadhaa baadaye, waliwakuta wakiifanya kazi vizuri zaidi mbele ya mwanasesere, lakini kwa watoto halisi chumbani mwa kujifungulia utendaji haukuwa umebadilika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na yanapaswa kumkosesha usingizi kila mwandaaji wa semina.

Hospitali ile haikukata tamaa. Tangu Februari 2011 mazoezi yaliletwa ndani ya wodi yenyewe, yakawa mafupi na ya mara kwa mara, dakika tatu hadi tano kila juma, yakisimamiwa na watumishi wa hapo hapo. Katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2015 vifo vya watoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vilikuwa vimepungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hospitali ni ile ile na mwanasesere ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba kifaa kilikaa karibu na mkono wa mtumishi, na somo likarudiwa.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Hospitali kubwa inaweza kumweka mwanasesere wake wodini mwaka mzima. Zahanati yenye watumishi wawili huko Kamsamba, au katika milima ya Ileje, haiwezi kununuliwa kila kifaa, na wala haina haja ya kukimiliki. Ina haja ya kukipata kwa mwezi mmoja, kufanya mazoezi, kukirudisha, na kukipata tena baada ya miezi sita. Kazi hiyo haifanywi na bohari, kwa kuwa bohari hutoa na kusahau. Inafanywa na maktaba, ambayo huazimisha na kukumbuka.

Wala wazo hili si geni kwetu. Wasomaji wetu wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo takriban watu wazima milioni 2 walikusanyika katika vikundi kote nchini kujifunza namna ya kujikinga na malaria, kichocho na magonjwa ya kuhara. Kampeni ile ilisimama juu ya mafiga matatu: kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, kipindi cha redio, na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kabla. Viongozi hao walikuwa wapatao 75,000. Waliobuni mpango ule walitambua kwamba kitabu bila mtu wa kukifungua ni mzigo, na kwamba mtu bila kitabu husahau.

Ulimwengu nao umejifunza hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani lilibuni maktaba ndogo ya sanduku la bluu kwa ajili ya wilaya za Afrika: sanduku la chuma lenye vitabu zaidi ya 100 vya tiba na afya ya jamii, vilivyopangwa kwa mada, linaloweza kubebwa hadi mahali pasipo na maktaba. Na wakutubi wa afya wa bara letu waliunda chama chao, AHILA, tangu mwaka 1984, kwa kuelewa kwamba kutunza na kusambaza maarifa ya tiba ni kazi ya kusomewa kama zilivyo kazi nyingine.

Nukta hii ya mkutubi hatuna budi kuikazia. Katika mipango yetu ya afya tunahesabu madaktari, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara, mkutubi hatajwi. Ufunguo wa kabati hukabidhiwa yeyote aliye na nafasi. Hatudai kila halmashauri iajiri mkutubi mwenye shahada. Tunachopendekeza ni mtumishi mmoja katika kila halmashauri za mkoa, yaani Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, apewe jukumu hilo kwa maandishi na afundishwe kulifanya. Taifa lina Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka Bagamoyo, lina Bodi ya Huduma za Maktaba, na lina maktaba ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Vifaa vya kuwafundisha walezi hao wa maktaba viwe sehemu ya maktaba yenyewe, ili atakayekuja baadaye asianze upya.

Tunajua wapo watakaotuuliza kwa nini tuhangaike na masanduku wakati kila muuguzi ana simu mkononi. Swali hilo ni halali. Tangu mwaka 2002 mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani umezifungulia taasisi za nchi kama yetu maelfu ya majarida ya tiba bila malipo, au kwa malipo madogo. Lakini HINARI ni ya taasisi zilizojiandikisha, maandishi yake mengi ni ya Kiingereza cha kitaalamu, na kutafuta ndani yake ni ufundi unaohitaji kufundishwa. Zaidi ya hayo, simu haimfundishi mkono namna ya kushika barakoa juu ya uso wa kichanga. Simu na sanduku si mahasimu. Mlezi wa maktaba aliyefundishwa ndiye atakayeutafuta mwongozo mpya katika intaneti, auchape, autie katika sanduku, na aweke picha za video katika kadi ya simu kwa ajili ya kituo kisicho na mtandao.

Lugha nayo ina sehemu yake. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa lengo la kuwafundisha watu 137,294 katika miaka mitano. Hao ndio watakaoingia nyumbani kwa mama anayezungumza Kinyiha, Kinyamwanga au Kindali kwa urahisi kuliko lugha nyingine. Bango kitita lenye picha nzuri na maneno machache ya Kiswahili ni chombo chao cha kazi, kama jembe kwa mkulima. Kuwafundisha kwa miezi kadhaa na kisha kuwaacha mikono mitupu kutakuwa ni kupanda bila kupalilia.

Ipo hatari nyingine inayotaka uangalifu, nayo ni kitabu kilichopitwa na wakati. Kitabu chochote kilichochapwa hapa nchini kabla ya mwaka 2001 kitamwelekeza msomaji kutibu malaria kwa klorokwini. Mwaka ule Tanzania iliiacha dawa hiyo kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikashika SP. Na ilipofika mwisho wa mwaka 2006 SP nayo ilianza kuipisha dawa mseto. Rafu iliyojaa vitabu vya zamani huweza kudhuru kuliko rafu tupu, maana humpa mtumishi uhakika wa uongo. Kwa hiyo kazi ya mlezi wa maktaba ni kuondoa sawasawa na kuongeza. Misaada ya vitabu ipokewe kwa shukrani, lakini ikaguliwe mwaka wake kabla ya kutiwa katika sanduku.

Je, vifaa havitapotea? Baadhi vitapotea, na tusijidanganye. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari liwepo, na kila kinachotoka kiandikwe jina la kituo, tarehe na saini ya mganga mfawidhi. Ila tunatahadharisha kwamba hofu ya upotevu isigeuzwe kisingizio cha kufungia. Mtumishi akitishwa kwamba atakatwa mshahara kwa ukurasa uliochanika, hataazima kamwe, na kabati litabaki safi huku watoto wakifa. Kifaa kilichochakaa kwa kutumiwa kimefanya kazi yake. Kinachostahili kuulizwa kwa ukali ni kile kilichokaa miaka mitano kikiwa kipya.

Kuhusu gharama, usafiri ambao wengi watauona kuwa kikwazo kwa sehemu kubwa tayari upo. Kila kituo hupeleka taarifa zake za MTUHA kila mwezi. Magari ya chanjo na ya usimamizi shirikishi huenda vijijini. Sanduku moja la bati halitayazidishia uzito. Hata vifaa vyenyewe kwa sehemu vipo: tuanze kwa kufungua makabati yote ya halmashauri, tuorodheshe kilichomo, na orodha hiyo ipelekwe katika kila zahanati ili watumishi wajue wanaweza kuomba nini. Tena iwe sharti kwamba kila mradi au shirika litakalofanya semina mkoani liache seti mbili kamili za vifaa vyake mikononi mwa maktaba kabla ya kufunga virago.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na waganga wakuu wa halmashauri walitazame jambo hili kama sehemu ya kinga ya mpaka, na waheshimiwa madiwani walitengee fungu dogo katika bajeti zao. Hospitali za mashirika ya dini, kama ile ya Mbozi na ile ya Isoko, zialikwe kuchangia na kuazima kwa masharti yale yale, kwa kuwa mgonjwa haulizwi dhehebu wala mwajiri wa mganga wake. Na watumishi wa afya nao waone kwamba kuazima kitabu si kukiri ujinga. Daktari asiyefungua kitabu ndiye wa kuogopwa.

Malori yataendelea kupita Tunduma, na tunaomba yaendelee, kwa kuwa ndiyo riziki ya wengi. Ugonjwa mwingine utakuja nyuma ya usukani wa lori mojawapo, na usiku huo huo, katika zahanati fulani ya Momba, mtoto atazaliwa bila kulia. Semina ya mwaka jana haitakuwapo chumbani. Atakuwapo muuguzi peke yake, pamoja na kile ambacho mikono yake imekizoea. Tumpe cha kuzoea.