Tuseme Mswada Ungali Mswada

Watu wengi hudhani ya kuwa maneno ya sheria huamuliwa siku ile Rais aitiapo sahihi. Sivyo. Mswada ukiisha kusomwa mara ya kwanza Bungeni, Dodoma, hupelekwa kwa Kamati: wa fedha kwa Kamati ya Bajeti, na wa jinai, kwa desturi, kwa Kamati inayoshughulikia mambo ya katiba na sheria. Kamati huweza kuwaalika wananchi watoe maoni, na hapo ndipo neno hubadilika kwa wepesi.

Kumbukeni tozo ya miamala ya simu. Iliingia katika Sheria ya Fedha ya mwaka 2021, iliyopitishwa mwezi wa Juni. Ikaanza kukatwa tarehe 15 Julai. Wakulima wengi wa kahawa waliijua walipopeleka karo za watoto wao. Malalamiko yakavuma nchi nzima, na mwezi wa Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Maneno yale yale yangalinenwa mbele ya Kamati, pengine mkulima asingalitozwa kwanza ndipo asikizwe. Na mswada wa jinai una uzito zaidi. Fedha huweza kurudishwa, bali miaka ya kifungo hairudi.

Ndugu watumishi wa Karagwe na Kyerwa, kumfasiria jirani maana ya kifungu si kuipinga Serikali; ni kuitumikia. Basi mswada ujao usipite kimya Kayanga wala Nkwenda. Tuusome, tuwaeleze wenzetu, nao wawaandikie wabunge wao Kamati ingali ikisikiliza.