Profesa, ramani ya mtaa wetu iko wapi?

Kwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Jina la chuo chako sitaliandika hapa. Wewe na walimu wako mnajua ni vijana wa nani waliokuja kwetu Mtoni, Temeke, na barua ya utambulisho, wakapima mitaro na mapito ya maji mpaka ukingoni mwa Mto Kizinga. Mimi na mjumbe wa shina ndio tuliowatembeza. Wazee waliwaonyesha ukutani maji hufika wapi kila masika. Dodoso lao nililijibu lote. Wakaahidi mrejesho: ramani na mapendekezo, vibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya mvua.

Havikuletwa. Masika yalipofika, maji yalipita palepale walipopapima, yakaingia kwenye banda langu la ushonaji. Vyerehani vyangu vyote vilizama, pamoja na vitambaa vya sare ambavyo wazazi walikwisha kunilipa kianzio. Mabinti niliokuwa nawafundisha kazi wametawanyika. Deni la kikoba bado nalilipa.

Lakini narudi kwenye vyerehani, Profesa, kwa sababu vingeokoka. Baadaye nilimpata mmoja wa wale vijana, akanifungulia ramani kwenye simu yake, ndani ya tasnifu iliyokwisha kusahihishwa na kupewa alama. Banda langu limo kwenye eneo lililopakwa rangi nyekundu. Chuo kilijua. Mwenye vyerehani hakuambiwa. Ningeambiwa, ningevihamishia kwa dada yangu kule juu, na leo ningekuwa nashona.

Usinijibu kwamba fedha hazikuwepo. Mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walichora kata zinazofurika, Tandale ikiwamo, pamoja na wakazi wenyewe, na ramani zile ziliachwa wazi kwa yeyote anayezitaka. Sisi tulihitaji karatasi moja tu, na mtu wa kupanda nayo daladala ya Mbagala.

Deni la msomi kwetu si jipya. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi karibu 400, wengi wao wa chuo kikuu, waliopinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Aliamini msomi ana deni kwa wakulima wanaomlipia. Leo vyuo vyenu vinaitaja huduma kwa jamii pamoja na ufundishaji na utafiti. Ni huduma gani hiyo, ikiwa Keko, Mbagala na Tandale mnakuja kuchukua takwimu za shahada na kuondoka? Nalisema hili kwa vyuo vyote.

Naomba ramani iletwe kwenye mkutano wa mtaa, na aliyeichora aje aieleze kwa mdomo wake. Naomba pia mwanafunzi asipitishwe kuhitimu kabla mtaa aliopima haujasaini kwamba umepata mrejesho. Vuli inakaribia. Nimekopa tena, nimenunua cherehani kimoja, na nataka kujua nikiweke wapi.

Fundi cherehani,
Mtoni, Temeke