Mkondo wa Sanaa Hauna Mwalimu Wala Chumba



Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi nchini Kenya walipoingia Gredi ya 10 Januari 2026, waliwekwa katika mikondo mitatu, yaani makundi ya masomo ambayo mwanafunzi huchagua kulingana na kipawa chake na kazi anayoitazamia: mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; mkondo wa sayansi za jamii; na mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Kwa maandishi, somo la sanaa na usanifu limepanda hadhi na halihesabiwi tena kuwa la kujazia ratiba. Katika shule nyingi za umma, hata hivyo, somo hilo halina mwalimu aliyesomea kuchora, halina chumba, na halina hata beseni la kuoshea brashi, na hilo ndilo lalamiko la barua hii.

Upungufu huu una chanzo kinachojulikana. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, uliotangulia mtaala wa umilisi, uliotokana na mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981 na kuanza kutekelezwa mwaka 1985, ulikusudia kumpa kila mtoto stadi za mikono, na kwa sababu hiyo sanaa na ufundi vikatahiniwa hadi katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani wa sanaa na ufundi uliondolewa, na kwa kuwa shule hufunza kile kinachotahiniwa, vipindi vya kuchora, kusuka na kufinyanga vikageuzwa kimyakimya kuwa vya hisabati. Watoto wa wakati huo ndio walimu vijana wa leo, na wengi wao wanatakiwa kufunza uchanganyaji wa rangi ilhali wao wenyewe hawakuwahi kushika brashi darasani. Mzigo umeongezeka katika sekondari msingi, ambako baada ya ripoti ya jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu mwaka 2023 masomo yalipunguzwa hadi 9, na uchoraji, muziki, maigizo na michezo vikaunganishwa kuwa somo moja. Mwalimu aliyesomea riadha hawezi kulaumiwa akishindwa kueleza mwanga na kivuli. Wa kulaumiwa ni mpango uliomtarajia ajue yote hayo.

Wanaolidharau somo hili hudhani kwamba ni la kupaka rangi picha za maua. Katika mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari (KCSE), ambao wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4 wataufanya mwaka 2027, sanaa na usanifu hutahiniwa kwa karatasi tatu: ya nadharia, inayouliza historia ya sanaa, vifaa na mbinu, ya vitendo, ambamo mtahiniwa huchora au kutunga picha, na ya mradi, ambayo hutayarishwa kwa muda mrefu kuliko kikao kimoja cha mtihani. Mradi wa usanifu huanza na hoja ya kazi, yaani maelezo mafupi ya tatizo linalotakiwa kutatuliwa kwa umbo na rangi, tuseme bango, kifungashio cha bidhaa au kitambaa, na mwanafunzi hutafiti, huchora rasimu nyingi, huteua mojawapo akieleza sababu, ndipo hutengeneza kazi kamili. Kanga inatosha kuonyesha uzito wa kazi hiyo, nayo ni vazi ambalo nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, inayofahamika kwa chapa ya Mali ya Abdulla, imeliuza kwa zaidi ya karne moja. Kila kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulioko katikati, na jina, yaani msemo unaoandikwa chini ya mji. Anayeisanifu lazima apime upana wa pindo kwa kuulinganisha na mji, ateue rangi chache zinazoonekana kwa mbali, kwa kuwa kila rangi huongeza gharama ya kupiga chapa, apange umbo lijirudie bila mshono kuonekana, na atafute msemo mfupi wenye maana ambao mvaaji hataona haya kutoka nao. Humo mna jiometri, kemia ya rangi, hesabu ya gharama na ufasaha wa Kiswahili, na hakuna mtaalamu wa elimu anayeweza kusema kwa haki kwamba hiyo ni kazi ya wanafunzi walioshindwa na sayansi.

Hoja inayotolewa kila mara ni ya fedha. Ni kweli kwamba mgao wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, uliowekwa mwaka 2018, huhesabiwa kwa kichwa, ingawa anayefinyanga huhitaji tanuri na anayepiga chapa huhitaji wino, na mara nyingi mgao wenyewe hufika shuleni ukiwa pungufu. Matokeo yake ni kwamba orodha ya penseli za 2B hadi 6B, karatasi nene na rangi hutumwa kwa mzazi, na somo lililokusudiwa kwa mwenye kipawa likawa la mwenye pesa. Lakini malighafi nyingi ziko nchini: jiwe laini la Tabaka huko Kisii, mkonge unaosukiwa vyondo Ukambani, mbao za nakshi Lamu. Mafundi wake wapo pia. Ila kwa kuwa sheria humtaka kila anayefunza shuleni awe amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), inafaa uwekwe utaratibu wa wazi wa kumketisha fundi kando ya mwalimu na kumlipa.

Wizara ya Elimu ilitarajia asilimia 60 ya wanafunzi waende mkondo wa sayansi, 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo. Sehemu hiyo ya mwisho si haba, lakini jina la mkondo halimwambii mzazi kama shule ina mwalimu wa uchoraji au ina uwanja wa mpira tu. Baadhi ya wasanii wetu walisomea ng'ambo: Magdalene Odundo, mfinyanzi mashuhuri aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza mwaka 1971 na huko ndiko alikosomea ufinyanzi. Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alisomea London. Hakuna ubaya katika kusoma ng'ambo, ila mtoto wa Garissa au Turkana mwenye jicho kama lao hana nauli ya kwenda huko.

Wizara inaombwa itangaze, kabla ya wanafunzi wa Gredi ya 9 kuchagua shule, orodha ya kila shule yenye mwalimu aliyehitimu katika sanaa na usanifu pamoja na chumba cha kufanyia kazi, kaunti kwa kaunti, na TSC iajiri wahitimu wa somo hili kwa kufuata mapengo yatakayoonekana humo. Kaunti itakayobainika kuwa haina hata shule moja ndiyo ipelekewe mwalimu kwanza.

Mwalimu mstaafu,
Mombasa