Kabla ya sauti, mipaka

JICHO LA RAIA
Na Zuhura Mbarak

Barbara Jordan hutajwa zaidi kwa sauti yake. Waliomsikia Julai 25, 1974, akiitetea Katiba ya Marekani mbele ya Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi, Rais Richard Nixon akiwa kikaangoni, hawakuisahau sauti ile nzito isiyo na haraka. Hata mimi huirudia hotuba hiyo kila ninapokata tamaa na wanasiasa. Lakini sauti hiyo hiyo ilishashindwa uchaguzi mara mbili mjini Houston, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Alizaliwa mwaka 1936 Fifth Ward, mtaa wa watu weusi wa Houston, jimbo la Texas. Baba alikuwa mhubiri wa Kibaptisti na kibarua wa ghalani. Chuo Kikuu cha Texas hakikuwapokea weusi wa shahada ya kwanza wakati huo, kwa hiyo akasoma Texas Southern, akatia fora kwenye midahalo, kisha akasomea sheria Boston University na kuhitimu mwaka 1959. Aliporudi nyumbani hakuwa na ofisi. Kazi ya uwakili aliianzia kwenye meza ya chakula ya wazazi wake.

Mwaka 1962 akagombea Baraza la Wawakilishi la Texas, akashindwa. Mwaka 1964 akarudi, akashindwa tena. Watu wa mitaa yake walimpigia kura kwa wingi, ila kura zilijumlishwa kaunti nzima ya Harris, na humo wazungu ndio waliokuwa wengi. Angehutubia hadi koo limkauke, hesabu ingebaki ile ile. Na katika Seneti ya jimbo hali ilikuwa mbaya zaidi: katiba ya Texas ilikataza kaunti yoyote kuwa na zaidi ya seneta mmoja. Harris, yenye watu zaidi ya 1,200,000, ilikuwa na seneta mmoja tu, sawa na maeneo ya mashambani yenye watu wachache mno.

Mlango ulifunguliwa na mahakama. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Reynolds v. Sims, kwamba maeneo ya uchaguzi ya mabunge ya majimbo lazima yakaribiane kwa idadi ya watu. Mwaka uliofuata Texas ikalazimika kuchora ramani upya, Fifth Ward ikaangukia ndani ya eneo jipya la Seneti. Mwaka 1966 mahakama zikaufuta pia ushuru wa kupiga kura, uliokuwa umewafungia maskini nje. Mpinzani wake katika mchujo wa Democratic, mzungu, akasambaza karatasi yenye kuuliza kama mzungu bado anaweza kushinda eneo hilo. Jordan akamwacha mbali. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika bunge la Texas, na mtu mweusi wa kwanza katika Seneti hiyo tangu 1883.

Humo ndani alikuta maseneta 31 na desturi kwamba mswada hauletwi ukumbini bila ridhaa ya theluthi mbili. Maana yake, watu 11 wakishikamana wanauzuia. Jordan alizijua kanuni hizo kwa ncha ya ulimi, akazoeana na wazee wa kihafidhina, na akahesabu vichwa kabla hajasimama kusema. Alisaidia kupitisha sheria ya kwanza ya kima cha chini cha mshahara Texas.

Kisha ikaja mwaka 1971. Ramani ilichorwa tena, safari hii Jordan akiwa kwenye kamati ya Seneti inayochora. Eneo namba 18 la Bunge la Marekani likatokea likimfaa yeye, huku eneo lake la Seneti likivunjwa. Curtis Graves, mwakilishi mweusi wa Houston, alimshutumu kwa kukiuza kiti cha weusi. Lawama hiyo nzito siwezi kuipuuza hata kwa mapenzi yote niliyo nayo kwake. Aliyeumizwa na ramani akapewa kalamu, akajichorea. Mwaka uliofuata akachaguliwa kwenda Washington, ambako mwaka 1975 alipigania Sheria ya Haki za Kupiga Kura iwalinde pia raia wenye asili ya Meksiko.

Sisi Kenya, kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 kinataka mipaka ya maeneo bunge 290 ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Mapitio ya mwisho yalikamilika Machi 2012. Machi 2024 ilitupita Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ikiwa haina hata kamishna mmoja, na wabunge wengi hawakuonekana kukosa usingizi. Sishangai, ramani iliyowachagua inawafaa. IEBC itakapoanza kuchora, vikao vya maoni vifanyike Likoni na Mathare jioni, watu wakiwa wametoka kazini, ramani zimebandikwa ukutani zikiwa na majina ya mitaa tunayoijua. Na mbunge akiomba mstari usogezwe, ombi lake lisomwe hapo hapo, kwa sauti, mbele ya watakaohamishwa.